Yai Lililohama Majini

Mabibi na mabwana, walimu wangu, wanafunzi, na nyote mliokuja kusikiliza, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie namna wanyama walivyohamia nchi kavu. Kwa kawaida mazungumzo ya aina hii huanza na miguu. Tunaonyeshwa mchoro wa samaki anayejikokota matopeni, kisha mnyama mwenye vidole, kisha mjusi, na tunarudi nyumbani tukiamini kwamba kazi yote ilifanywa na miguu na mapafu. Miguu ina sehemu yake, siikatai. Mwaka 2004, katika kisiwa cha Ellesmere kaskazini kabisa mwa Kanada, Neil Shubin na wenzake walichimbua mabaki ya samaki aliyepewa jina la Tiktaalik, aliyeishi miaka milioni 375 hivi iliyopita. Alikuwa na magamba na mapezi, lakini ndani ya pezi lake la mbele mlikuwa na mifupa inayolingana na ya bega, kiwiko na kifundo cha mkono. Ugunduzi ule unastahili sifa zote uliopata.

Lakini mtazameni chura. Ana miguu minne, ana mapafu, anawinda usiku kucha mbali na bwawa. Msimu wa kutaga ukifika, vyura walio wengi hufunga safari kurudi majini, wakati mwingine kwa kuvuka eneo lenye hatari kila hatua. Zaidi ya miaka milioni 300 tangu wahenga wao wapate miguu, bado wanarudi. Kinachowarudisha ni yai.

Kwa hiyo jioni hii nitazungumzia yai, na hasa ukuta wake. Yai la kukaa nchi kavu lina sharti moja zito: ukuta wake uzuie maji yasitoke, na papo hapo uruhusu hewa ipite. Masharti haya mawili hugombana. Kizuizi kikali cha maji huzuia pia pumzi, na mlango wa pumzi huwa mlango wa mvuke kutorokea. Karibu kila jambo la ajabu ndani ya yai la ndege au la mjusi ni sehemu ya suluhu ya ugomvi huo, na mengi katika miili yetu wenyewe yametokana nayo.

Tuanze majini. Yai la samaki au la chura ni kiini kidogo kilichozungukwa na ute, na kazi karibu zote limeyaachia maji. Maji hulikinga lisikauke, hubeba uzito wake, na huliletea oksijeni iliyoyeyuka. Maji huchukua pia uchafu. Kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbwa ndani ya yai, kinapotumia protini hutoa amonia, ambayo ni sumu, lakini amonia huyeyuka upesi na kuchukuliwa na maji kabla haijadhuru. Hata mimba yenyewe, kwa samaki na vyura walio wengi, hutungwa nje ya mwili: jike humwaga mayai, dume humwaga mbegu, na maji huvikutanisha. Tena kwa kuwa akiba ya chakula ndani ya yai ni ndogo, mtoto wa chura hutoka mapema akiwa hajakamilika. Anatoka kiluwiluwi, na mkia na matamvua, aanze kujitafutia riziki mpaka siku atakapobadilika. Ukilitoa yai hilo majini na kuliweka juu ya jiwe lenye jua, huduma zote hizi hukatika kwa mara moja.

Basi kwa nini mnyama yeyote ahangaike kulitoa?

Sababu moja ni maadui. Maji yamejaa vinywa: samaki, wadudu wa majini, hata viluwiluwi wenzake. Sababu ya pili ni pumzi, nayo hutajwa mara chache mno kwa kadiri ninavyoona. Lita moja ya hewa ina oksijeni karibu mara 30 ya ile iliyo katika lita moja ya maji, na oksijeni husambaa hewani kwa wepesi wa takriban mara 10,000 kuliko ndani ya maji. Katika kinamasi chenye joto, chini ya majani yanayooza, oksijeni hukaribia kuisha. Yai lililowekwa juu kidogo ya maji, kwenye kuvumwani mbichi au chini ya gogo lenye unyevu, hupumua vizuri kuliko ndugu zake waliobaki chini. Mradi unyevu upo, hewa ni mahali pazuri pa kulelea mayai.

Viumbe wengi wamejaribu njia hiyo, na bado wanaijaribu. Kuna samaki mdogo wa mito ya Amerika Kusini, Copella arnoldi, ambaye dume na jike huruka pamoja kutoka majini na kubandika mayai kwenye jani lililoinama juu ya mto. Kisha dume hubaki chini ya jani hilo akiyarushia maji kwa mkia wake, tena na tena, mpaka watoto waanguliwe na kudondoka mtoni. Wapo vyura wanaotaga ndani ya povu walilolipiga wenyewe kwa miguu ya nyuma; povu hukauka upande wa nje na kubaki bichi ndani. Chura koki wa Puerto Rico amekwenda mbali zaidi. Anataga nchi kavu, dume hulalia mayai ili yasikauke, na kinachotoka si kiluwiluwi, ni chura kamili mwenye miguu minne, ingawa ni mdogo sana.

Mwaka 1957 Alfred Romer, mtaalamu wa visukuku wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa hoja kwamba yai ndilo lililotangulia kukaa nchi kavu, wakati wazazi wake wangali wanaishi na kula majini. Wengi walishangaa, kwa kuwa tumezoea kufikiri kwamba mzazi ndiye atanguliaye na yai humfuata. Nikiwatazama samaki na vyura hawa, naona hoja ile ilikuwa na msingi mzuri, hata kama wataalamu wa leo wanabishana juu ya mpangilio wake.

Lakini chura koki amefika ukutani, na ni vyema tuelewe ni ukuta gani. Mayai ya jamii yake ni madogo. Hata mayai makubwa kabisa ya vyura na salamanda hufikia kipenyo cha sentimita moja hivi, basi. Hilo linatokana na hesabu. Ukikuza yai kipenyo kiwe mara mbili, eneo la nje huongezeka mara 4, ila ujazo wa ndani huongezeka mara 8. Walaji wa oksijeni wameongezeka kuliko mlango wa kuiingiza. Na ute ule ni mzito: kwa oksijeni, kupenya ute ni sawa na kupenya maji, polepole mno. Ukiongeza ute ili yai lisinyauke, umemkaba mtoto. Ukiupunguza apumue, umemkausha. Yai la namna hii haliwezi kumtoa mtoto mkubwa, wala haliwezi kukaa mbali na unyevu. Kwenda mbele kulihitaji mpango mpya wa ndani.

Mpango huo mnaweza kuuona kwa kufungua yai la kuku lililoatamiwa. Aristotle alifanya hivyo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Alifungua mayai ya siku mbalimbali, akaandika kwamba baada ya siku tatu moyo huonekana kama kijitone cha damu kinachopigapiga kwenye ute. Ukilitazama yai hilohilo kwa vifaa vya leo, unaona kwamba kiinitete hakijengi mwili wake peke yake. Kinajenga pia tando nne zinazokaa nje ya mwili, nazo huanza kujengwa wakati kiumbe chenyewe kingali kidogo mno.

Utando wa kwanza hukizunguka kiini cha njano na kuwa kifuko cha chakula, chenye mishipa ya damu inayobeba mafuta na protini kuelekea kwa mtoto. Samaki nao wanacho, kwa hiyo hiki ni cha zamani. Wa pili ni amnioni. Hunyanyuka kama mikunjo pande zote za kiinitete, mikunjo ikakutana juu ya mgongo wake na kuungana, na kiinitete kikajikuta ndani ya mfuko wa maji safi. Humo huelea bila kugusa ukuta wowote, na viungo vyake laini hukua pasipo kubanwa. Kutokana na utando huu wataalamu wameliita kundi zima, yaani reptilia, ndege na mamalia, kwa jina la amnioti. Utando wa tatu, korioni, hufunika vyote kwa nje.

Wa nne ndio ninaoupenda kuliko yote, na nawaomba mnivumilie nikikaa nao kidogo. Unaitwa alantoisi. Huanza kama kifuko kidogo kinachochomoza kwenye utumbo wa nyuma wa kiinitete, na kazi yake ya kwanza ni kutunza uchafu. Kumbukeni amonia. Ndani ya yai lililofungwa hakuna mto wa kuichukua. Ingekaa hapo ingeua. Kiinitete cha ndege hutatua tatizo hilo kwa kugeuza sehemu kubwa ya uchafu wake kuwa asidi ya yuriki, ambayo haiyeyuki kwa urahisi. Inajikusanya kama punje nyeupe ndani ya alantoisi na kutulia, bila kuhitaji maji mengi na bila kumdhuru mtu. Kisha kifuko hicho hakiishii hapo. Kinatanuka, kinajaa mishipa ya damu, kinaungana na korioni, na ifikapo katikati ya siku za kuatamiwa kimetandaa chini ya ganda karibu lote. Hapo ndipo damu ya kiinitete inapokutana na hewa ya nje, ikitenganishwa nayo kwa utando mwembamba sana. Mahali pa kutunzia uchafu ndipo pia pafu la yai.

Sasa mnaona jinsi ugomvi wa maji na hewa ulivyopata suluhu. Katika yai la chura, oksijeni inapaswa kupenya polepole mpaka ndani kabisa. Katika yai hili damu inakuja yenyewe mpaka ukutani, inaichukua, na kuirudisha ndani kwa nguvu ya moyo. Umbali wa kupenya umebaki uleule mfupi hata yai likiwa kubwa. Ile sentimita moja haikuwa kikomo tena. Mbuni hutaga yai lenye uzito wa kilo 1.4 hivi, na Aepyornis wa Madagaska, ndege mkubwa aliyekwisha kutoweka, alitaga yai lenye ujazo wa lita 8 hivi.

Ganda nalo lina habari yake. Ganda la kuku ni kalsiamu kabonati, jamii ya chokaa, na ukiliangalia unadhani limezibwa. Kwa kweli lina vitundu vipatavyo 10,000, kila kimoja chembamba mno kwa jicho. Ni kama mtungi wa udongo, unaotunza maji na bado unavuja unyevu kidogo kidogo kupitia mwilini mwake. Katika miaka ya 1970 Hermann Rahn, Amos Ar na Charles Paganelli walipima kwa subira kubwa kinachoingia na kutoka. Katika siku 21 za kuatamiwa, yai moja la kuku lenye gramu 60 huvuta lita 6 hivi za oksijeni, hutoa lita 4.5 za kaboni dayoksaidi, na hupoteza lita 11 za mvuke wa maji. Mvuke huo ukigeuzwa kuwa maji ni gramu 9 tu, yaani asilimia 15 ya uzito wa yai. Bei hiyo yai limeshaipangia. Maji yanapopungua, nafasi yake huchukuliwa na hewa kwenye ncha butu, na chumba hicho cha hewa huzidi kukua. Siku moja hivi kabla ya kutoka, kifaranga hutoboa utando kwa mdomo wake, huingiza kichwa humo, na kuvuta pumzi ya kwanza ya mapafu yake angali ndani ya ganda. Yai lisipopoteza maji ya kutosha, chumba huwa kidogo na kifaranga huweza kufa mlangoni. Ganda hilohilo limekwisha kumpa pia sehemu kubwa ya madini yaliyojenga mifupa yake.

Na ute mweupe? Ni ghala la maji na ni ulinzi. Mwaka 1922 Alexander Fleming, kabla hajaijua penisilini, alieleza kimeng'enya kinachopasua kuta za bakteria, lisozaimu. Kinapatikana kwenye machozi yetu, na kwenye ute wa yai la kuku kimejaa tele. Yai linalokaa kwenye joto la mwili kwa majuma matatu, likiwa na chakula kingi namna ile, lingeoza upesi kama lisingekuwa na kinga.

Mpango huu wa ndani ulibadilisha hata maisha ya wazazi. Yai likishafungwa, mbegu ya kiume haiwezi tena kuingia, kwa hiyo ni lazima mimba itungwe mapema, ndani ya mwili wa jike, kabla ganda halijawekwa. Zile ndoa za mtoni za kumwaga na kuachia maji zikaisha kwa ukoo huu. Hatua ya kiluwiluwi ikafutika. Mtoto akatoka akiwa mfano mdogo wa mzazi. Ngozi, ambayo kwa amfibia, yaani jamii ya vyura na salamanda, hubaki bichi kwa kuwa wanapumua kwayo, iliweza kukauka na kuwa ngumu, maana kifua sasa kilivuta hewa kwa nguvu ya mbavu. Magamba na kucha vikaenea. Na mnyama akaweza kuishi na kuzaa mahali ambapo bwawa lililo karibu lilikuwa mwendo wa siku nyingi.

Hali ya hewa iliwaunga mkono. Miaka milioni 305 hivi iliyopita misitu minene ya vinamasi iliyofunika maeneo ya tropiki, ile iliyotuachia makaa ya mawe, ilipasuka vipandevipande hali ya nchi ilipozidi kuwa kavu. Amfibia wengi walipata pigo. Amnioti walistahimili vizuri zaidi na kuenea.

Ushahidi wa awali kabisa wa mifupa yao ulipatikana mahali pa ajabu. Huko Joggins, Nova Scotia, bahari inamomonyoa jabali lenye visiki vya miti ya kale vilivyosimama wima vilevile vilivyozikwa. Mwaka 1852 Charles Lyell na John William Dawson walikuta mifupa midogo ndani ya kisiki kimoja, na mwaka 1860 Dawson akamweleza kiumbe wa humo aitwaye Hylonomus lyelli, mnyama kama mjusi mwenye urefu wa sentimita 20 na kidogo, aliyeishi miaka milioni 315 hivi iliyopita. Kwa muda mrefu huyo ndiye aliyekuwa mwanzo wa simulizi. Kisha mwaka 2025 kundi lililoongozwa na John Long na Per Ahlberg likatangaza nyayo zilizopatikana katika jimbo la Victoria, Australia, kwenye jiwe lenye umri wa miaka milioni 355 hivi. Nyayo hizo zina alama za kucha, na kucha za namna hiyo ni dalili ya amnioti. Ikiwa tafsiri hiyo itasimama, mwanzo wao unarudi nyuma kwa miaka karibu milioni 40, karibu mno na wakati wa wanyama wa kwanza wenye miguu. Mimi huona uzito mkubwa katika kibao kile cha jiwe, ingawa ningefurahi zaidi kuona mfupa mmoja wa umri huohuo.

Mtaniuliza: na mayai yenyewe je? Hayo ndiyo yanayokosekana. Mayai ya zamani kuliko yote yanayokubaliwa bila ubishi ni ya dinosauri, na umri wake ni miaka milioni 190 na kitu. Pengo la zaidi ya miaka milioni 100 limekaa kati ya amnioti wa kwanza na ganda la kwanza tunaloweza kulishika. Mwaka 1939 Romer na Llewellyn Price walieleza kitu kutoka Texas walichokiona kuwa yai la kipindi cha Permi, kabla ya zama za dinosauri, lakini wengine baadaye walitilia shaka kwamba ni yai kweli.

Maelezo mazuri ya pengo hilo yalitoka mwaka 2020, Mark Norell na wenzake walipochunguza mayai ya dinosauri wawili, Protoceratops na Mussaurus, wakakuta maganda yake yalikuwa laini kama ngozi. Walihitimisha kwamba ganda gumu la chokaa lilizuka walau mara tatu tofauti miongoni mwa dinosauri. Maana yake yai la mwanzo la nchi kavu lilikuwa na kifuniko laini, kama mayai ya nyoka wengi na kasa wa leo, ambayo hufyonza maji kutoka mchangani na kuongezeka uzito. Kifuniko cha namna hiyo huoza kabla hakijawa jiwe. Mwaka 2023 Baoyu Jiang, Michael Benton na wenzao wakaongeza hoja nyingine: kwamba amnioti wa kwanza huenda waliyashikilia mayai tumboni kwa muda mrefu, na tando zile zilianza kufanya kazi ndani ya mama kabla ya kufanya kazi udongoni. Wanaounga mkono hoja hiyo hutaja pia mesosauri, reptilia wa kale wa majini, wa Uruguay na Brazili, wa miaka milioni 280 hivi, ambao viinitete vyao vimepatikana bila alama yoyote ya ganda.

Nimekuwa nikizungumza kana kwamba wenye uti wa mgongo ndio peke yao waliovuka. La hasha. Wadudu walivuka, na wakatatua tatizo lilelile kwa njia yao. Kiinitete cha mdudu hufunikwa na utando uitwao serosa, ambao hutengeneza ngozi ya ziada chini ya ganda la yai. Mwaka 2013 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walimchukua Tribolium castaneum, mdudu mdogo mwekundu aishiye kwenye unga, wakazima jeni inayojenga serosa. Mayai yasiyo na serosa yalikauka kwa urahisi hewa ilipokuwa kavu. Mbu wa Aedes, aenezaye homa ya dengue, ana ngozi imara ya namna hiyo, na mayai yake hukaa makavu miezi mingi yakisubiri mvua. Ndiyo maana kumwaga maji kwenye chombo bila kukisugua hakumalizi mbu. Koo mbili zisizo na udugu wa karibu, zote zikaangukia kwenye jibu la kukizungusha kiinitete kwa tando zake mwenyewe. Nadhani hakuna uthibitisho mkubwa zaidi kwamba yai ndilo lililokuwa kikwazo.

Baadaye baadhi ya amnioti walirudi baharini, na huko walikuta ule mpango hauwarudishi nyuma. Yai lililojengwa kupumua hewa huzama na kufa likitagwa majini. Kasa wa baharini huogelea maelfu ya kilomita, lakini jike lazima apande ufukweni achimbe mchanga. Iktiosauri, reptilia wa kale wenye umbo la pomboo, waliacha mayai kabisa wakazaa watoto hai. Visukuku vyao vimepatikana na watoto tumboni. Nyoka wengi wa baharini hufanya vivyo hivyo leo. Katika jamii ya mijusi na nyoka, uzazi wa namna hii umezuka zaidi ya mara 100.

Sisi mamalia tuko katika habari hiyohiyo. Mwaka 1884 William Caldwell, akiwa Queensland, alithibitisha kwamba platipusi, mnyama mwenye manyoya na maziwa, hutaga mayai, akapeleka habari hiyo kwa simu ya maandishi kwenye mkutano wa wanasayansi uliokuwa ukifanyika Montreal. Ganda limetutoka sisi wengine, ila tando zimebaki zote nne. Chupa inayopasuka mama anaposhikwa na uchungu ni amnioni, na maji yanayotoka ni yale ambayo kiinitete cha kuku huelea ndani yake. Korioni imekuwa sehemu ya kondo la nyuma. Mishipa ya damu ya alantoisi, ile iliyotandaa chini ya ganda kutafuta hewa, imekuwa mishipa ya kitovu.

Na kifuko cha kiini kipo, ingawa kiini hakimo. Mwaka 2008 David Brawand, Walter Wahli na Henrik Kaessmann walionyesha kwamba ndani ya jeni zetu bado kuna mabaki yaliyoharibika ya jeni za kutengeneza protini ya kiini cha njano. Platipusi bado ana moja inayofanya kazi. Sisi zilivunjika taratibu, wakati maziwa na kondo la nyuma vilipochukua kazi ya kumlisha mtoto. Hata hivyo kifuko kile kitupu hakikuachwa bila kazi. Chembe za kwanza za damu ya binadamu hutengenezwa kwenye ukuta wake. Katika majuma ya kwanza ya mimba, kwenye ukuta huohuo, karibu na alantoisi, huonekana pia chembe ambazo baadaye husafiri ndani ya kiinitete mpaka zinapotokea ovari au korodani. Kutokana na hizo yatapatikana mayai na mbegu za kizazi kinachofuata.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa niko tayari kwa maswali yenu.